Mvuto Mmoja, Niko Hapa

Tairi lilikuwa limeng'ang'ania tope kama kupe. Mkunga alilikumbatia, akavuta kwa nguvu zote. Tope likatibuka, na ule mwanga kidogo uliokuwepo ukapotea. Hakuona kitu tena, hata kiganja chake.

Si neno, alijiambia. Kazi yake ya kuzalisha ilimfundisha kwamba mikono huona kuliko macho. Lakini leo moyo ulimdunda. Siku zote wao, wazamiaji wa kujitolea, walikuwa wakiokota taka pembezoni mwa bwawa. Leo ndiyo mara ya kwanza kufika huku ukutani, penye malango ya maji. Mhandisi wa bwawa aliwaapia kwamba malango hayatafunguliwa mpaka wote watoke. Mkunga alimwamini, ila woga haujui kiapo.

Akashika kamba iliyofungwa kiunoni mwake. Ncha ya pili aliishika mumewe, juu kwenye boti. Mvuto mmoja: niko hapa. Mivuto ya mfululizo: hatari. Hawakuwa na lugha nyingine.

Alivuta mara moja. Kimya.

Akavuta tena. Kamba ikamjia mkononi bila ubishi wowote. Huyu mzee atakuwa amesinzia, alijifariji, kwa jua lile la asubuhi na ile chai aliyokunywa.

Angalau mdogo wake yuko naye botini. Kijana alimaliza mafunzo juzi tu, na asubuhi alikaa ukingoni mwa boti, mtungi wa hewa mgongoni, akinung'unika.

"Wewe ni wa akiba," Mkunga alimwambia. "Huingii majini mpaka mimi nipate shida. Mama amenikabidhi wewe, na nitakurudisha mzima."

"Basi pata shida kidogo, dada, na mimi nilowane."

Hata mumewe, mtu asiye na mizaha, alicheka.

Ndipo kamba ikavutwa. Mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayevuta ng'ombe mkaidi. Mkunga nusura alie kwa furaha. Akajibu: niko hapa. Ikavutwa tena. Niko hapa.

Tairi akaliacha. Aligeuka apande juu, na mguu ukagoma. Wavu wa kuvulia, mkuukuu, uliotupwa na mtu asiyejali. Kila alipopiga teke ulimkaza zaidi. Hofu ikampanda, akaanza kunywa hewa kwa pupa. Akavuta kamba. Jibu likaja papo hapo, safari hii kama karibu zaidi. Basi akatulia. Akajiambia yale anayowaambia wanawake anaowazalisha kila siku: polepole, vuta pumzi, achia. Akachomoa kisu, akakata uzi mmoja baada ya mwingine kwa kupapasa.

Mguu ulikuwa umetoka tu, kamba ikaanza kuvutwa mfululizo.

Hatari. Malango. Wanafungua malango.

Alijiona akifyonzwa kwenye lile domo la zege. Akajirusha juu, kamba ikamrudisha. Ilikuwa imenasa mahali fulani humo kwenye wavu, haiendi mbele wala nyuma, na bado ilivutwa, ilivutwa, kwa papara ambayo hakuwahi kuijua kwa mumewe. Hata yeye anaogopa, Mkunga aliwaza, na roho ikamruka. Liwalo na liwe. Akaikunja kamba kiganjani, akapitisha kisu mara moja tu, kwa mkono uliozoea kukata.

Alitokeza kwenye jua kali. Maji yalikuwa yametulia tuli. Malango yalikuwa yamefungwa.

Mumewe alimkamata mabegani, akamburuta botini, akamkumbatia. Mkononi alishika kipande kifupi cha kamba, nyuzi zake zimechanika.

"Ililika kwenye ukingo wa boti, ikakatika ulipozama tu," alisema. "Ncha yako ilikuwa inaelea. Mdogo wako akaruka, akaishika, akasema ataifuata mpaka akufikie."

Kisha akamwachia, akaangalia maji nyuma yake.

"Mbona umekuja peke yako?"