Fundi wa Kila Jumamosi

Jumamosi, tarehe tisa Agosti. Manyunyu yalianza alfajiri, yakakatika saa mbili, kisha jua likatoka mbiombio kama mtu aliyechelewa kazini. Ilikuwa siku nzuri ya kuanika nguo, ila mashine ya kufulia ilikuwa imegoma tena, tumbo limejaa maji na mashuka.

Mwenye nyumba hakukasirika. Alikuwa karani wa bohari, na Jumamosi zote humkuta kazini. Leo alikuwa ameomba ruhusa makusudi ili amngojee fundi.

"Mara ya nne ndani ya miezi miwili," alimwambia mkewe. "Kwanza kibanio cha nywele. Halafu kifungo. Halafu kifungo tena. Nguo za nyumba hii zina vifungo vingapi?"

"Labda ni bahati mbaya," mkewe alisema, akainamia sufuria ili uso wake usionekane.

Fundi mwenyewe hakuwahi kumtia machoni. Alimjua kwa vikaratasi alivyokuwa akibandika juu ya mashine, kwa mwandiko mzuri wa kunyooka. *Msishindilie nguo, mkono upate nafasi ya kupita juu yake. Mkimaliza kufua, futeni mpira wa mlango na mlango uachwe wazi, mashine isinuke. Chujio lisafishwe kila mwezi. Mungu awabariki.*

Mama yake mwenye nyumba, ambaye wote walimwita Bibi, alikuwa ameanza masomo ya jioni mwaka huu. Alivisoma vikaratasi hivyo kwa sauti, kidole kikifuata neno kwa neno, kisha akavibandua na kuvihifadhi ndani ya kitabu chake cha sala. Mazoezi mazuri ya kusoma, mwanawe aliwaza.

Kilichomkosesha raha ni binti yake. Msichana alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi, amebakiza mwaka mmoja tu avae sare. Jumamosi ndiyo siku anayoshinda nyumbani. Na jana jioni baba yake alimfumania kando ya mashine, kopo la vifungo mkononi.

"Unafanya nini hapo?"

"Nimetumwa, baba."

"Na nani?"

Akang'ata mdomo, akashindwa kuzuia kicheko, akakimbilia chumbani kwa bibi yake.

Baba mtu hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kuna mwanamume anataka kumkatiza mtoto masomo, na nyumba nzima iko upande wake! Usiku alisali apewe ulimi wa upole. Asubuhi alikuwa bado anausubiri.

Alimkuta mama yake sebuleni, amevaa gauni la samawati la kuendea ibada.

"Mama, safari ya wapi?"

"Sina safari. Mtu asipendeze nyumbani kwake?"

"Mashine imeharibika tena."

"Tushukuru kwa yote," Bibi alisema, macho juu, kwa imani iliyomtia mwanawe aibu.

"Huyo fundi, unamjua vizuri?"

"Ni mtu wa sala. Hana makuu. Akimwaga maji anapiga deki mwenyewe. Wewe umewahi kupiga deki?"

"Na hilo ndilo la kumpa mtu mke?"

Bibi akamgeukia. "Nani amekwambia?"

"Nina macho, mama."

"Sasa unasemaje?"

"Sisemi neno mpaka nimsikie yeye, kwa kinywa chake, mbele yenu wote."

"Hiyo ni haki yako, mwanangu," Bibi alisema, akashusha pumzi. "Hata mimi ningetaka hivyo."

Saa nne hodi ikapigwa mlango wa uani. Binti akatimka kwenda kufungua. Baba yake alijizuia asinyanyuke. Acha kwanza amalize kazi, mashuka hayana kosa. Kutoka sebuleni alisikia maji yakitiririka kwenye beseni, chujio likigongwagongwa, msichana akicheka. Baadaye mashine ikaunguruma na kuanza kuzunguka, laini kabisa.

"Kumbe kifungo kingine!" sauti ya binti ilisema. "Sijui kinatoka wapi!"

Hapo uvumilivu ukamwishia baba mtu.

"Mwiteni huyo fundi aje hapa! Na nyinyi nyote mje!"

Akasimama dirishani, mikono nyuma, akawapa mgongo kama hakimu anayetafakari hukumu. Alisikia viatu vikivuliwa mlangoni. Alisikia mkewe akikohoa kikohozi cha uongo.

"Sikiliza, kijana," alianza. "Mimi si mjinga. Mashine haiwezi kumeza vifungo kila wiki mbili. Najua unachofuata humu ndani."

Akaikaza mikono mgongoni.

"Sikufukuzi. Lakini nyumba hii ina heshima zake. Huwezi kuingilia mlango wa uani na mfuko wa spana, ukatoka na mtu wetu. Aliye wako kwa siri, mtake kwa uwazi. Kama wewe ni mwanamume, sema sasa hivi, watu wote hawa wakiwa mashahidi: una nia gani, na utamtunzaje?"

"Sawasawa," fundi akajibu kwa utulivu. "Nimekuwa nikiomba siku hii ije."

Mwenye nyumba akageuka. Fundi alikuwa amevua kofia, na nywele zake zote zilikuwa nyeupe kama povu la sabuni. Akapita mbele ya msichana bila kusimama, akaenda kando ya kiti cha Bibi, akaushika mkono wake.

"Mwanangu," alisema, "mbele yako, mbele ya mkeo na huyu mjukuu wetu, naahidi: mama yako nitampenda na kumtunza siku zote ambazo Mungu atatujalia."