Chapati Apata Chumba

Siku hizi hapa Dar vyumba vya bei nafuu hupangishwa mbwa tu. Mwenye mbwa hukaa kama mgeni wake. Ndiyo maana mimi, mwanafunzi mzima wa uzamili, nilikuwa nimetulia tuli kwenye mkeka kule Changanyikeni huku mbwa wangu, Chapati, akihojiwa.

"Shikamoo, mama," mkanda wake wa shingoni, ule unaogeuza mawazo ya mbwa kuwa maneno, ukamsemea.

"Marahaba, baba!" Mama Ndimbo, mwenye nyumba, aliitikia kwa furaha, kisha akanitupia jicho. Kwa hofu, nilikuwa nimesahau kumwamkia.

"Unabweka ovyo?" akamuuliza.

"Nikiona mwizi tu."

"Na huyu binti, tabia yake?"

Moyo ukanilipuka paa. Ule mkanda haujui kudanganya.

"Anaimba akifua. Wali anaunguza kila siku, ukoko napewa mimi."

Mama Ndimbo alicheka mpaka akashika mbavu, akaenda kuleta wino. Chapati akaukanyaga mkataba kwa mguu wa mbele, na chumba kikawa chake. Nilipiga vigelegele palepale.

"Imebaki nafasi moja ya kujaza," mama akasema, akimwinamia. "Mgeni wako atakaa mpaka lini?"

Nikacheka. Chapati alinitazama mimi, akaitazama sufuria ya nyama iliyokuwa ikichemka kwa Mama Ndimbo, kisha akanitazama tena.

"Tutaona," mkanda ukasema, na mkia wa Chapati ukawa unacheza kwa raha.