Bangili ya Mama Tupokigwe

Saa moja jioni, siku ya mahafali ya kidato cha sita, wahitimu walikuwa wakirukaruka ukumbini huku mama zao wakisinzia kwenye viti vya plastiki kando ya ukuta. Hakuna aliyeshangaa. Sheria iliruhusu mzazi avae bangili na kubeba uchovu wa mwanawe mpaka amalize masomo.

Tupokigwe alikuwa amesoma miaka yote bila kupiga hata mwayo. Alipoona sahani ya pilau inamteleza mama yake mapajani, aliiwahi, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, ivue. Shule imeisha."

"Niache nimalizie usiku huu, mwanangu. Na chuo je? Miaka mitatu tu, nitaongeza."

Gwakisa, rafiki yake wa darasani, alipita akicheza. "Wee Tupo, usituharibie sherehe! Ikivuliwa hiyo utadondoka kama gunia!" Mama yake Gwakisa mwenyewe alikuwa amelala kwenye kiti cha pili, mdomo wazi.

"Asante, mama," Tupokigwe alisema. "Umenibeba vya kutosha." Akaifungua bangili.

Uchovu ulimwingia kuanzia magotini. Hakuwahi kujua kwamba una uzito namna ile, na huo ulikuwa wa siku ile moja tu. Mama yake alimkalisha kwenye kiti, akamfunika kitenge, akanyoosha mgongo. Kisha akaenda katikati ya ukumbi na kuanza kucheza, mzazi pekee kati ya vijana.

Tupokigwe alimwona akimaliza wimbo wa kwanza, kisha usingizi ukamchukua.