Kiti cha Harlan

Viti vya wagombea vilikuwa vitatu, na cha katikati hakikuwa na mtu. Hata hivyo Bi Ardis, mwalimu mstaafu aliyeuendesha mdahalo, alikiwekea kibao cha jina na glasi ya maji kama vile vingine. Jina la Harlan Voss limo kwenye karatasi ya kura, alisema, na aliyemo kwenye karatasi ya kura ana kiti hapa.

Marlys Tvedt aliketi mstari wa pili, mkoba mapajani, ana hasira. Aliamka nayo, akapika nayo, akaendesha gari nayo. Njiani alipita kwa mke wa Harlan, akamwachia bakuli la viazi na nyama ya kusaga bila kuingia ndani. Ilikuwa miaka kumi na tisa tangu akanyage kibaraza kile.

Pembeni yake alikaa mumewe, Duane, mkono mmoja umefungwa bandeji. Mara tatu kwa wiki Duane aliunganishwa na mashine ya kusafisha damu katika hospitali ndogo ya mji, dakika kumi tu kutoka nyumbani. Sasa kulikuwa na mswada wa kuifunga hospitali hiyo. Ikifungwa, mashine ya karibu ingekuwa maili tisini, kwenye barabara ambayo theluji huiziba tangu Novemba hadi Machi. Marlys alishamuuliza daktari mumewe angeweza kukaa siku ngapi bila mashine. Jibu lilimnyima usingizi.

Chama kingine hakikuwa kimesimamisha mtu wilayani kwao kwa miaka mingi. Ambaye angeshinda kura ya mchujo ya chama chao, wiki mbili baadaye, ndiye angekwenda kwenye bunge la jimbo, basi.

Rausch, wakala wa bima, alizungumza wa kwanza. Alisema hospitali ile inakula kodi bure, na siku hizi daktari anaweza kumwona mgonjwa kwenye simu. Brekke, muuza matrekta, alisema hata yeye ana uchungu na wagonjwa, lakini nyakati zimebadilika. Wote wawili walikuwa wakitabasamu. Kila baada ya dakika mbili saa ya jikoni ya Bi Ardis ililia, nao wakanyamaza kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyozidi kumchefua Marlys.

Maswali ya wasikilizaji yaliandikwa kwenye kadi na kutiwa kapuni. Marlys aliandika kadi nne. Bi Ardis akasoma kuhusu mashimo ya barabarani, akasoma kuhusu vibali vya kuwinda kulungu, akasoma kuhusu rangi ya mabasi ya shule. Kisha akatangaza kwamba limebaki swali moja la mwisho, na Marlys akasimama.

"Kaa, mke wangu," Duane alimnong'oneza.

"Nimekaa vya kutosha."

Akawauliza wale wawili mumewe aende wapi. Rausch alisema kutakuwa na mpango wa usafiri. Mpango gani, Marlys akauliza. Utaandaliwa, akajibiwa. Watu wakaanza kuguna.

"Basi sikilizeni," Marlys alisema kwa ghadhabu. "Mimi na Harlan Voss hatukupatana hata siku moja. Alichimba mtaro akamwaga maji yake yote shambani kwangu, soya yangu ikaoza, halafu akaniambia nipande mpunga. Amegombea mara kumi na moja, sijampa kura hata moja. Safari hii nampa."

 Watu wengine walitazama viatu vyao.

Brekke alikohoa kidogo. "Mama Tvedt, kwa heshima zote kwa Harlan, hiyo ni kura ya kutupa. Hawezi kukufanyia chochote kule bungeni."

"Hawezi kunifungia hospitali pia. Mswada huo aliukalia kwenye kamati ya bunge mwaka mzima usipite, na nyie mlijua. Leo ndio mnajitia mna uchungu."

"Lakini sheria ya uchaguzi unaijua," Rausch akaanza.

"Nimeisoma mara tatu. Harlan akishinda, kiti kinarudi kwetu watu wa kaunti, tumchague wa kukikalia humu humu ukumbini. Hapo mtacheka na nani?"

Mtu mmoja wa nyuma akapiga makofi, akafuata mwingine, kisha mstari mzima. Duane alipiga goti lake kwa mkono uliokuwa mzima. Saa ya jikoni ililia na hakuna aliyeijali.

Kwa wiki mbili Marlys alizunguka kutoka shamba hadi shamba, akibisha milango, akifukuzwa na mbwa, hasira yake haijapungua hata chembe. Waliomwambia kwamba Harlan alikuwa mkorofi aliwakubalia. Waliocheka aliwataka waje wacheke mbele ya Duane. Kwa wote alimaliza kwa ombi lile lile, kwamba waende kituoni na wampigie kura Harlan.

Harlan aliwashinda wote wawili kwa kura mia nne na kumi.

Asubuhi yake Marlys alimpeleka mumewe kwenye mashine, kisha akaenda kumpa Harlan habari yeye mwenyewe. Ilibidi amuulize mtunza makaburi ni lipi, kwa sababu jiwe lenye jina lilikuwa bado halijaletwa.