Vikombe vya Mashavu

Daktari Mbwego alipanga vikombe vinane juu ya meza ya zahanati. Vinne alivitia maji ya kisima kipya, vinne maji ya mto, kisha akavichanganya bila Mashavu kuona.

Mji mzima ulisema kisima kile kinaua watoto. Daktari hakuamini, kwani watoto huugua kila kiangazi, na waliokufa wangeweza kufa hata kama kisingechimbwa. Lakini Mashavu, aliyemzika mwanawe juzi, alishikilia kwamba maji yale yana harufu.

"Mama, mimi naanza kwa kusema maji haya yote ni sawa," daktari akamwambia kwa upole. "Kimoja au viwili mtu yeyote anaweza kubahatisha. Nitengee vya kisima vyote vinne."

"Na nikiweza?"

"Nitakifunga."

Mashavu aliinama akanusa kikombe kimoja kimoja bila haraka, akisogeza vyenye harufu kulia, vingine kushoto. Alipomaliza akajifuta mikono kwa kanga, kama mtu aliyegusa maiti.

Daktari akainua kila kikombe kutazama alama aliyoitia chini yake. Vya kulia vyote vinne vilikuwa vya kisima. Akavikagua tena, akitafuta kosa lake mwenyewe. Bahati ingeweza kumfikisha mtu hapo, lakini kwa nadra mno.

"Nyumbani kwako mnateka wapi, daktari?" Mashavu akauliza.

Daktari akageukia dirisha. Ng'ambo ya uwanja, mkewe alikuwa amesimama kwenye pampu ya kisima, amembeba mtoto wao kiunoni, akimnywesha maji kwa kiganja.