Malori ya Tatu

Bibi Atupele alifungua kitenge mgongoni, akatoa mashine ya gemu na kuilaza taratibu juu ya kaunta ya Jonasi, muuza gemu.

"Nitilie Malori ya tatu, baba," alisema. "Mume wangu ameimaliza ya pili."

Jonasi alicheka. Bibi yake mwenyewe kule Mbozi alimwita mume wangu tangu anatambaa mpaka siku alipooa, na hata siku hiyo alijifanya kanuna. Akauliza huyo mume hajambo.

"Hajambo gani? Nimemwogesha, nimemlisha vijiko viwili, akageukia ukutani. Anataka ya tatu tu."

"Anadeka huyo. Wewe ndiye unayemdekeza, Bibi."

"Nisimdekeze, kwani nina mwingine?"

Jonasi alijua jibu la ombi lake ni chungu. Gemu za Malori, ya kwanza na ya pili, zilichezwa kwenye mashine hii hii ya watu wa kawaida. Mwaka huo wa 2013 ikatoka ya tatu, na kampuni, bila hata haya, ikaitengeneza kwa mashine nyingine peke yake, mpya, ambayo Tunduma nzima alikuwa nayo Jonasi tu, ya kuchezesha wateja. Alieleza mara mbili. Bibi alisikiliza vizuri, kisha akaisogeza mashine yake mbele kidogo.

"Basi ichokonoe ikubali."

"Haikubali, Bibi. Hata uipeleke kwa fundi wa Lusaka."

"Unajua ya pili inavyoisha? Lori limefika mpakani, geti limefungwa. Basi, imeisha hivyo. Kila nikiingia chumbani ananiuliza, mke wangu, wamefungua? Nimjibu nini mimi?"

"Mwambie atoke nje, acheze hata mpira."

"Kwa miguu ipi? Huu mwaka wa nne haisimami."

Jonasi aliacha kucheka. Lakini dukani wateja walikuwa wanamwita, akasema lile lililomjia mdomoni kwanza.

"Atazoea, Bibi. Wiki moja tu atakuwa ameshaisahau."

Bibi Atupele aliifunga mashine mgongoni akaondoka kuelekea stendi ya magari ya Mpemba, polepole.

Wiki hiyo Jonasi hakuwa na raha. Kila alipowasikia wateja wake wakipiga kelele mbele ya Malori ya tatu, alimwona mtoto kitandani, amegeukia ukutani. Siku ya nane alichomoa waya, akaifunga mashine mpya kwenye boksi lake, wateja wakilalamika wapendavyo. Sokoni alinunua biskuti na fulana ya mpira, saizi ya miaka kumi. Akapanda bodaboda mpaka Mpemba, akiulizia njiani nyumba ya Bibi Atupele.

Nyumba aliitambua kwa turubai.

Watu walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, kimya. Jonasi alishuka, boksi mikononi. Amechelewa. Geti lilikuwa dukani kwake wiki nzima, na yeye ndiye aliyelifunga. Mama mmoja aitwaye Tabita, jirani, alimpisha kwenye benchi. Alikaa, akaliweka boksi magotini, akalia waziwazi kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwahi kumwona.

Ndani ya nyumba sauti ya Bibi Atupele ilisikika ikiita, "Mume wangu, mume wangu we," mpaka wanawake wakamtuliza.

Kisha mzee mmoja wa kanisa alisimama na karatasi kusoma wasifu, na watu wakavua kofia.

"Marehemu Zabron alizaliwa Isongole mwaka 1946," alisoma. "Aliendesha malori ya shaba kwa miaka thelathini na mitatu. Ameacha mke mmoja. Hakujaliwa mtoto wala mjukuu."