Nta ya Bingwa

Ragnfrid alikuwa akimfuta mumewe jasho wakati bingwa wa mbio za skii alipoingia wodini na machungwa mawili.

Miaka ishirini mzee huyu mgonjwa alimyeyushia bingwa nta ya kupaka kwenye skii, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni, ziteleze vizuri thelujini. Moshi wake ulimla mapafu. Sasa alipumulia mrija.

"Pole, mzee wangu. Jumapili tuna mbio, na theluji imelowa. Ulikuwa unachanganya nini na nini?"

Mzee akatabasamu kwa fahari, akafungua mdomo, kikohozi kikamkaba. Bingwa akatoa simu, tayari kuandika.

Ragnfrid akapapasa koti la mumewe, akatoa donge la mwisho.

"Shika nta yako, mwanangu. Kaiyeyushe mwenyewe. Na ufunge mlango na madirisha, kama ulivyokuwa ukimwamuru yeye, wapinzani wasichungulie."